Chumba Kwanza, Kisha Mitambo

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu kutayarisha vyumba vya mitambo ya mtandao katika zahanati, vituo vya afya na ofisi za wadi



Katika vituo vingi vya afya vya umma nchini, lile daftari kubwa la mapokezi linaendelea kuondoka mezani na mahali pake panawekwa kompyuta. Mgonjwa akifika, jina lake hutafutwa katika mfumo, rekodi za matibabu ya awali husomwa, majibu ya maabara hutumwa hadi kwa daktari bila mtu kubeba karatasi, na malipo hukamilishwa kabla hajaondoka. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, kituo kisicho na mtandao hupata shida hata kuthibitisha kama mgonjwa amesajiliwa. Mtandao ukizima, foleni nayo husimama.

Anayeketi kwenye benchi huambiwa, "Mfumo uko chini." Maneno hayo matatu yamezoeleka kiasi kwamba watu huinuka na kwenda nyumbani bila kuuliza. Lawama huelekezwa kwa kampuni ya intaneti au kwa kampuni ya stima, na wakati mwingine ni za haki. Lakini mara nyingi kasoro iko hatua chache tu kutoka kwenye benchi hilo, nyuma ya mlango wa stoo ambamo kabati la mitambo limebanwa kati ya ndoo za kupigia deki na makatoni ya glavu, juu yake kuna bomba la maji, na stima yake inatoka kwenye ekstensheni iliyonunuliwa sokoni. Mitambo yenyewe ni mizuri. Chumba ndicho hakikutayarishwa.

Mazungumzo haya yanahusu chumba hicho. Ni jambo la ufundi, lakini ni jambo ambalo mkazi yeyote anaweza kulikagua kwa macho yake na futi ya kupimia, na anayo haki ya kufanya hivyo kwa sababu ni pesa zake.

Kwanza, kabati lenyewe ni nini? Mafundi huliita raki. Ni fremu ya chuma yenye nguzo zilizotobolewa tundu kwa vipimo maalumu, ili kifaa cha kampuni yoyote kiweze kufungwa humo kwa skrubu. Uso wa kila kifaa una upana wa inchi 19, yaani milimita 482.6, na kimo chake huhesabiwa kwa kipimo kiitwacho U. U moja ni inchi 1.75, sawa na milimita 44.45. Swichi ya kawaida huchukua U moja. Zahanati ndogo hutosheka na raki ya U 9 au U 12 inayotundikwa ukutani. Hospitali ya kaunti ndogo, yenye seva zake, huenda ikahitaji raki ya U 42 inayosimama sakafuni, ambayo pamoja na fremu na magurudumu hufikia kimo cha mita 2 hivi.

Hapo hapo kuna mtego ambao umewahi kuwachekesha mafundi na kuwakasirisha wahasibu. Mlango wa kawaida wa jengo la umma una kimo cha mita 2.1 au pungufu kidogo. Raki ya mita 2 ikiwa ndani ya katoni, juu ya ubao wa kubebea mizigo, haipiti. Italazimika kufunguliwa nje kwenye vumbi, ilazwe, ipitishwe kwa kuinamishwa, na katika kuinamishwa huko nguzo hupinda. Kwa hiyo kabla ya zabuni ya mitambo kutangazwa, mtu apime mlango, apime korido, apime pembe ya kukatia kona, na kama kuna ngazi azihesabu. Kazi hiyo haimalizi saa moja.

Ni chumba gani kifaacho? Kile kilicho karibu na katikati ya jengo. Waya wa shaba wa mtandao hubeba mawasiliano kwa uhakika hadi mita 100 tu, na katika hizo, mita 90 ni za waya uliowekwa ukutani na 10 zilizobaki ni za vipande vya kuunganishia kwenye kompyuta na kwenye raki. Chumba kikiwa pembeni kabisa mwa jengo, maabara iliyo upande wa pili hukosa mtandao au huupata kwa kubahatisha. Jengo likiwa refu zaidi ya hapo, unahitajika waya wa fiber au raki ndogo ya pili.

Chumba hicho kisiwe chini ya tangi la maji, chini ya choo cha ghorofa ya juu, wala kando ya sinki la maabara. Kisiwe kile kinachopigwa na jua la alasiri ukutani kama kuna kingine. Na kisiwe stoo. Hili la stoo linahitaji msimamo, kwa sababu kila msimamizi wa kituo ana upungufu wa nafasi na huona chumba chenye kabati moja kama nafasi inayopotea. Mwezi wa kwanza huingia viti viwili vilivyovunjika, mwezi wa pili mafaili ya zamani, na mwisho wa mwaka fundi akiitwa usiku huanza kwa kuhamisha magodoro. Mbele ya raki panahitajika nafasi ya mita moja hivi ili mlango ufunguke na kifaa kivutwe nje. Raki ya kusimama huhitaji pia nafasi ya mtu kupita nyuma yake.

Maeneo yenye historia ya mafuriko yana sharti jingine. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliingiza maji shuleni na katika vituo vya afya katika kaunti nyingi nchini. Wazee wa mtaa wanajua maji yalifika wapi. Waulizwe, alama iwekwe ukutani, na kifaa cha chini kabisa kiwekwe juu ya alama hiyo, hata ikibidi raki isimamishwe kwenye jukwaa la zege.

Ukuta wa kutundikia raki uwe wa mawe, matofali au zege. Raki ya U 12 ikishajaa vifaa ni mzigo mzito, na bolti zilizopigwa kwenye ukuta wa mbao nyembamba au jipsamu hung'oka polepole, bila kelele, hadi siku moja kabati liko sakafuni. Ukuta wa udongo haufai kabisa. Penye mchwa, ubao wa kuegemezea nyaya utiwe dawa au utumike wa chuma. Raki ya kusimama isawazishwe kwa pima maji, miguu yake ishushwe kutoka kwenye magurudumu, kisha ifungwe sakafuni kwa bolti.

Sasa stima, ambayo ndiyo chanzo cha maafa mengi.

Raki ipewe laini yake kutoka kwenye ubao mkuu wa stima, yenye breka yake na lebo iliyoandikwa wazi. Isishirikiane na mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji, wala friji ya chanjo, wala birika la chai la wafanyakazi. Birika ni kifaa kidogo, lakini mengi hula wati 2,000 au zaidi kwa wakati mmoja, na breka ikikatika saa nne asubuhi kwa sababu ya chai, mapokezi yote husimama. Kazi hii ifanywe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Leseni ina jina na tarehe, na mkazi aliye kwenye kamati ya mradi anaweza kuomba kuiona.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila kifaa kimeandikwa kinachotumia wati ngapi. Tuseme ruta, swichi mbili, seva ndogo na mashine ya kurekodi kamera, jumla yake ni wati 1,200. Kwa stima ya volti 240, hiyo ni ampea 5. Kisha huongezwa nafasi ya vifaa vitakavyokuja, kwa sababu raki haijawahi kupungua vifaa, huongezeka tu.

UPS nayo inaeleweka vibaya. Wengi hudhani ni jenereta ndogo. Kazi yake ni kushikilia mitambo kwa dakika chache hadi jenereta iwake au sola ichukue, na kama hakuna kati ya hivyo, kuipa seva muda wa kujizima vizuri bila kuharibu rekodi. Usiku wa Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi, na hata katika uwanja mkubwa zaidi wa ndege nchini jenereta moja ilikataa kuwaka. Kuwa na jenereta hakutoshi. Iwashwe kila wiki, mafuta yapimwe, na jina la anayeiwasha lijulikane. Betri za UPS ni nzito, hivyo hukaa sehemu ya chini ya raki, na huchakaa haraka penye joto: mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zaidi ya 25 hupunguza umri wa betri kwa takriban nusu.

Halafu kuna ethi, waya wa kijani na manjano ambao mafundi wa haraka huukata mfupi au kuuacha ukining'inia kwa kuwa "mitambo inafanya kazi hata bila hiyo." Ni kweli inafanya kazi, hadi radi ya kwanza. Fremu ya raki yenyewe iunganishwe na ethi, milango yake pia, na nondo iliyozikwa ardhini ipimwe kwa mita maalumu na kipimo kiandikwe kwenye cheti. Nyanda za juu za magharibi, kama Kisii na Kakamega, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi mara nyingi nchini, na huko jambo hili si la kujadiliwa. Nyaya za shaba zikitandikwa nje kutoka jengo moja hadi jingine, mathalani kutoka wodi hadi duka la dawa, radi ikipiga karibu nguvu yake hufuata shaba hiyo hadi ndani ya swichi. Kati ya majengo ipite fiber. Nyuzi zake ni za kioo, na kioo hakipitishi stima.

Kutoka kwenye stima twende kwenye joto, kwa kuwa ni jambo lile lile. Karibu kila wati inayoingia kwenye raki hutoka ikiwa joto. Raki ya wati 1,200 iliyotajwa hapo juu ni sawa na pasi ya stima iliyoachwa imewaka, mchana na usiku, ndani ya chumba kilichofungwa. Hakuna mama atakayeacha pasi hivyo nyumbani kwake. Mitambo mingi ya kompyuta hupendekezwa ikae kwenye hewa ya nyuzi kati ya 18 na 27. Chumba chenye mabati bila dari, saa nane mchana katika eneo la joto, hupita hapo hata kabla kifaa chochote hakijawashwa.

Kiyoyozi hupimwa kwa BTU. Wati 1,200 hutoa BTU 4,100 hivi kwa saa. Kiyoyozi kidogo cha kawaida, cha BTU 9,000, kingetosha, na nafasi ikabaki kwa ajili ya jua na watu. Lakini kiyoyozi nacho hula stima, kina bomba la kutoa maji, na huhitaji kusafishwa kichujio. Kisifungwe juu ya raki hata kidogo, maana bomba likiziba maji hudondokea humo humo. Kwa zahanati ndogo ya nyanda za juu yenye ruta na swichi moja tu, kiyoyozi ni gharama isiyo na maana: dari nzuri, tundu la hewa chini ya ukuta mmoja na jingine juu ya ukuta wa pili, na feni ya kutoa hewa, vinatosha. Matundu hayo yawe na wavu mwembamba. Mjusi hupenda joto la UPS, na mjusi aliyekufa juu ya sakiti anaweza kuzima mitambo. Panya hutafuna nyaya. Kila tundu la kuingizia nyaya lizibwe baada ya nyaya kupita.

Vumbi ni suala la ratiba. Raki haiingii chumbani kabla ya plasta, dari, rangi na milango kumalizika. Zege jipya huchukua siku 28 kufikia nguvu iliyokusudiwa, na muda wote huo linatoa unyevu. Mkandarasi anayekimbizana na mwisho wa mwaka wa fedha, Juni 30, hupata kishawishi cha kufunga mitambo huku mafundi wa rangi bado wanakwaruza kuta. Vumbi la saruji huvutwa na feni za vifaa, hukwama ndani, likapata unyevu na kuanza kula vyuma. Kifaa hakifi siku hiyo. Hufa miezi kadhaa baadaye, dhamana ikiwa imeisha.

Dhamana nayo inastahili kusemwa kwa uwazi zaidi. Mara nyingi huanza kuhesabiwa siku mitambo inapopokelewa, hata kama iko kwenye katoni. Kituo kikipokea mitambo mwezi wa tatu na chumba kikawa tayari mwezi wa kumi na moja, miezi minane ya dhamana imepotea bure. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inataka kuwe na kamati ya ukaguzi na upokeaji wa bidhaa. Kamati hiyo ikiuliza chumba kiko wapi kabla ya kutia sahihi, swali hilo moja laweza kuokoa pesa nyingi kuliko semina.

Nyaya za mtandao zipite kwenye mabomba yake, mbali na mabomba ya stima, na penye kulazimika kukatana zikatane kwa pembe ya mraba. Kila waya uwe na namba pande zote mbili, na namba hizo ziandikwe kwenye mchoro unaobandikwa ndani ya mlango wa raki. Kituo kisicho na mchoro hutegemea kumbukumbu ya fundi mmoja, na fundi huhamia Nairobi. Kizima moto kiwe cha gesi ya kaboni dayoksaidi, kitundikwe karibu na mlango. Cha maji kisiwekwe.

Kuhusu ulinzi, ndani ya raki hiyo zinapita habari za nani ana ugonjwa gani, nani amejifungua, nani anatumia dawa zipi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti na inamtaka anayezihifadhi achukue hatua za kuzilinda. Kufuli ni hatua ya kwanza. Mlango wa chuma, dirisha lenye vyuma, funguo mbili tu zenye watu wanaojulikana, na daftari la kuandika nani aliingia, lini na kufanya nini. Ndiyo, daftari la karatasi. Hapa bado lina kazi.

Nje ya jengo, wakazi ndio walinzi. Fiber inayoleta mtandao kituoni hupita kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, na mara nyingi juu yake huzikwa utepe wa rangi kali wenye maandishi ya onyo. Anayechimba msingi, mtaro au shimo la choo akikuta utepe huo asimame, ampigie chifu au ofisi ya wadi. Na kwa wanaoikata wakidhani ina shaba: haina. Ndani ni nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na muuza vyuma chakavu hazinunui. Aliyeikata hupata hasara, na zahanati ya mama yake hukaa siku kadhaa bila mtandao.

Mkazi anayetaka kujua hali ya mradi katika kituo chake anaweza kuuliza katika kikao cha wadi, au kuandika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Aombe vitu vitatu: mchoro wa chumba, cheti cha fundi wa stima chenye kipimo cha ethi, na tarehe ambayo dhamana ya mitambo ilianza.

Na kuna jaribio moja la mwisho ambalo lifanywe mbele ya kamati, mchana, kituo kikiwa kazini. Breka kuu ya stima ishushwe. UPS ishike, jenereta iwake, taa za swichi zibaki kijani, na karani wa mapokezi aendelee kumsajili mgonjwa aliye mbele yake bila kuinua kichwa. Baada ya nusu saa joto la chumba lisomwe kwenye kipimajoto kilichotundikwa ukutani. Likiwa chini ya nyuzi 27, karatasi ya upokeaji itiwe sahihi. Likipita hapo, au taa yoyote ikizimika, mkandarasi arudi kazini na sahihi isubiri.